Muumba anayekua pamoja na uumbaji wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu falsafa ya mchakato

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu wa Kampala, Jinja, Mbale na kwingineko huyarudia kila mazungumzo yanapofika kwenye Mungu na mabadiliko. Wanaouliza ni wanafunzi wa falsafa, makatekista, mashekhe, na wale waliosikia tu kwamba kuna wazungu wanaodai Mungu anabadilika, wakakasirika. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Mwenye haraka asome la 1, la 5 na la 11.

## Mambo ya msingi

1. Falsafa ya mchakato ni nini hasa?

Ni mtazamo unaosema kwamba cha kwanza ni kutokea, na vitu hufuata. Tumezoea kuanzia upande wa pili: kwanza kuna mti, mtu na mlima, halafu mti unakua, mtu anazeeka, mlima unamomonyoka. Mwanafalsafa wa mchakato anaupindua mpangilio huo. Kwake kukua, kuzeeka na kumomonyoka ndiko kuliko na uhalisi, na "mti" au "mtu" ni jina tunaloupa mfululizo wa matukio yanayorithishana sura.

Heraclitus wa Efeso alilisema jambo hili yapata mwaka 500 kabla ya Kristo, akatumia mto. Ukisimama Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, unaona alichomaanisha: maji ya asubuhi yameshashika njia ya Kyoga, na bado kila mtu anaendelea kusema "mto ule ule". Mto ni namna maji yanavyopita. Ukiondoa kupita, unabaki na bwawa, na Jinja wanalo hilo pia.

2. Nani aliianzisha?

Mawazo ni ya kale, lakini anayetajwa zaidi ni Mwingereza Alfred North Whitehead (1861–1947). Alianza kama mwanahisabati. Pamoja na Bertrand Russell aliandika, kati ya 1910 na 1913, majuzuu matatu ya kujaribu kuijenga hisabati yote juu ya mantiki. Mwaka 1918 mwanawe mdogo, Eric, rubani wa kijeshi, aliuawa vitani. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 63 ambapo wengine wanawaza pensheni, alihamia Chuo Kikuu cha Harvard kufundisha falsafa. Mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1927–28 ndiyo iliyozaa kitabu chake kikuu cha 1929. Wasikilizaji walipungua haraka, na ukikifungua kitabu chenyewe utawaelewa.

Baada yake alikuja Charles Hartshorne (1897–2000), Mmarekani aliyeishi miaka 103 na kuifanya sehemu ya Mungu kuwa kazi yake ya maisha. Kisha John Cobb na David Ray Griffin, ambao mwaka 1973 walianzisha kituo cha masomo haya huko Claremont, California.

3. Wanaposema kila kitu ni "tukio", hata jiwe?

Hata jiwe, ingawa jiwe zima silo tukio moja. Whitehead anasema uhalisi umeundwa na matukio madogo mno. Kila tukio huyapokea yaliyolitangulia, huyaunganisha kwa namna yake, hukamilika, kisha linakuwa sehemu ya yatakayopokelewa na matukio yajayo. Jiwe ni umati wa matukio yanayorudia karibu jambo lile lile, ndiyo maana linaonekana limetulia. Katika mtu aliye macho kuna matukio yenye nafasi kubwa ya kuamua.

Hoja ya kushika hapa ni kwamba hakuna tukio, hata dogo vipi, linaloamuliwa lote kutoka nje. Hoja hii itarudi katika swali la 11, na ndiyo itakayoleta ugomvi.

4. Ni dini mpya? Ni dhehebu?

Hapana. Haina kanisa, ubatizo wala sadaka. Wanaoifuata wapo Wakristo, Wayahudi, Waislamu, Wabudha, na wasiomwamini Mungu kabisa (tazama swali la 20).

## Muumba anayekua

5. Kwa hiyo, mwalimu, Mungu anakua kama mtoto?

Hapana, na wengi hupotea hapa. Whitehead anasema Mungu ana pande mbili. Upande wa awali ni ule ambamo uwezekano wote umo na umepangwa kwa thamani: kila linaloweza kuwa, na lipi ni bora kuliko lipi katika hali ipi. Upande huu haubadiliki na hauna tarehe. Upande wa pili ni wa kupokea: kila linalotokea ulimwenguni linamfikia Mungu, analihisi, analihifadhi.

Mtoto akizaliwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, saa hii, jana Mungu alijua kwamba kuzaliwa huko kunawezekana. Leo amekupokea kama jambo lililotokea, na kilio chake na furaha ya mama yake. Jambo hilo halikuwamo katika maisha ya Mungu jana kwa sababu halikuwamo popote. Maana yote ya kusema Muumba anakua ni hiyo: uzoefu wake unaongezeka kadiri uumbaji unavyoendelea. Wema wake hauongezeki, wala nia yake haigeuki.

Hartshorne aliukaza mtazamo huu kwa hoja rahisi ambayo kwa maoni yangu haijajibiwa vizuri. Mtu asiyeguswa na msiba wa jirani hatumsifu kwa uthabiti wake. Tunasema ana moyo mgumu. Kwa nini tuliite ukamilifu jambo lile lile tunapolihamishia kwa Mungu? Kama kupenda ni kuguswa na anayependwa, basi anayependa viumbe vyote huguswa na vyote, na anayeguswa hubaki na alichoguswa nacho.

6. Kama anaongezeka, si ina maana mwanzoni alikuwa na upungufu?

Hili ni pingamizi la zamani, lina mizizi kwa Wagiriki: kilicho kamili kikibadilika, ama kinaharibika ama hakikuwa kamili. Hartshorne anajibu kwa kuutengeneza upya ukamilifu wenyewe. Mungu mkamilifu, anasema, ni yule asiyeweza kupitwa na yeyote mwingine wakati wowote, lakini anaweza kujipita mwenyewe. Jana hakukuwa na aliyemzidi. Leo hakuna anayemzidi, naye ana leo nzima ambayo jana haikuwepo kuwa nayo. Kutokuwa na kitu kisichokuwepo bado si upungufu.

Jibu linaridhisha ukikubali kwamba kesho kweli haipo bado. Usipokubali, nenda swali la 9.

7. Nimesikia Whitehead alisema ulimwengu nao unamwumba Mungu. Ni kufuru au ni mchezo wa maneno?

Ni kweli alisema kwamba kudai Mungu anauumba ulimwengu na kudai ulimwengu unamwumba Mungu ni madai yenye ukweli sawa. Liko karibu na mwisho wa kitabu cha 1929, katika mfululizo wa kauli za jozi. Hakumaanisha kwamba wanadamu walimbuni Mungu vichwani mwao. Hayo ni ya mwanafalsafa Mjerumani Feuerbach, na ni ugomvi mwingine. Alimaanisha upande wa kupokea wa swali la 5: yaliyomo katika uzoefu wa Mungu yanatoka ulimwenguni.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wanaoshtushwa na kauli hiyo hawalioni. Kwa Whitehead, cha mwisho kabisa ni ubunifu, yaani hali ya vingi kuwa kimoja kipya, kila mara. Mungu ni mfano wa kwanza na mkuu wa ubunifu huo, lakini sicho chanzo chake. Wanateolojia wengi wanakwama hapo, hata wale waliokuwa tayari kukubali mengine. Mimi nikiwa nao.

8. Si ndiyo imani ya kwamba kila kitu ni Mungu?

Sivyo. Anayesema kila kitu ni Mungu anafuta tofauti. Falsafa ya mchakato inasema ulimwengu umo ndani ya Mungu, naye anauzidi. Msimamo huo unaitwa panenteizimu, jina lililobuniwa na Mjerumani Karl Krause mwaka 1828.

9. Mungu anajua kesho?

Anajua kila kinachojulikana: yaliyopita yote kama yaliyopita, yajayo yote kama yawezayo kuwa. Mwendesha bodaboda amesimama taa za Wandegeya, Kampala, na hajaamua kama anapinda kulia kuelekea Mulago au kushoto kuingia Makerere. Mungu anajua njia zote mbili, anajua tabia ya mwendeshaji huyo kuliko anavyojijua, anajua uzito wa kila mwelekeo. Uamuzi wenyewe haujui kwa kuwa haujafanyika.

Msomaji atasema basi Mungu anakisia. Jibu lao ni kwamba kama uamuzi huo ungejulikana tangu milele, mwendeshaji asingekuwa anaamua chochote pale Wandegeya, angekuwa anatekeleza.

10. Wote wanaosema "Muumba anakua" wanasema jambo moja?

Hapana, na kuwachanganya ni kosa la kawaida sana.

Henri Bergson, Mfaransa aliyeandika mwaka 1907 na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi ya 1927, alizungumzia msukumo wa uhai unaopasua njia mpya katika viumbe bila ramani. Samuel Alexander, aliyezaliwa Sydney mwaka 1859 na kufundisha Manchester, alikwenda mbali kuliko wote: kwake uungu ni ngazi ambayo ulimwengu haujaifikia. Maada ilizaa uhai, uhai ukazaa akili, na akili inaelekea kuzaa kitu kilicho juu yake. Mungu ni ulimwengu mzima ukijikaza kuelekea huko. Kwa Alexander, basi, Muumba kamili hakuwepo mwanzoni. Whitehead angekataa, kwa sababu ya ule upande wa awali.

Mjesuiti Pierre Teilhard de Chardin (1881–1955) aliuona ulimwengu ukikusanyika kuelekea kilele alichokiita Omega, na kilele hicho kwake ni Kristo, ambaye tayari yupo na anavuta. Ukisoma kwa makini, kwa Teilhard anayekua zaidi ni uumbaji.

Kabla yao wote, mwaka 1809, Mjerumani Schelling alishaandika kwamba ndani ya Mungu mna maisha, na penye maisha pana kuwa.

## Uwezo, mateso na sala

11. Kwa nini Mungu hakuyazuia maporomoko ya ardhi ya Bududa, mashariki mwa Uganda?

Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, upande wa Mlima Elgon uliporomoka na kukifukia kijiji cha Nametsi. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Walionusurika, baadhi yao walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima. Mlima uliendelea kuporomoka miaka iliyofuata, ukaua tena mwaka 2018.

Majibu yaliyozoeleka matangani ni mawili: Mungu ana mpango tusioujua, au Mungu aliruhusu. Falsafa ya mchakato inayakataa yote mawili, na inaeleza kwa nini. Kama kila tukio lina sehemu ya kujiamua (swali la 3), hakuna aliye na uwezo wa kuliamua tukio lote kwa niaba yake, hata Mungu. Mungu hutenda kwa kuvuta. Katika kila hali hutoa lile lililo bora linalowezekana pale, na kinachovutwa hupokea kwa kiasi chake. Mwanadamu anaweza kuvutwa mbali: kupanda miti, kuhama, kumwonya jirani, kusimamia sheria ya ardhi. Udongo wa volkano ulioloa maji kwenye mteremko uliokatwa miti una nafasi ndogo mno ya kuitika chochote zaidi ya uzito wake.

Kwa hiyo Mungu hakuyaruhusu maporomoko, kwa kuwa anayeruhusu ni yule aliyeweza kuzuia. Alikuwa wapi? Whitehead anamwita mwenzi anayeteseka pamoja nasi na kutuelewa. Alikuwa Nametsi, akiyapokea yote, vifo vyote, bila kimoja kumpita.

Nimeona jibu hili likipokelewa kwa namna mbili. Kuna mfiwa ambaye linamwondolea mzigo wa kumchukia Mungu. Kuna mwingine ambaye linamwondolea Mungu mwenyewe, maana alichobaki nacho ni tumaini kwamba mmoja mahali fulani alikuwa ameshika usukani. Usilitoe matangani bila kujua unayezungumza naye ni yupi.

12. Mungu asiyeweza kila kitu ana faida gani? Tunamwita Mwenyezi.

Wanaoitetea falsafa hii husema uwezo wa kulazimisha ni uwezo wa daraja la chini. Uganda ya miaka ya 1970 iliuona uwezo wa kulazimisha kwa ukamilifu wake: ulifukuza watu, uliua watu, na haukuwafanya raia kupenda chochote. Uwezo wa kumfanya mwingine atake jema kwa hiari ni mgumu zaidi kuupata na hudumu zaidi. Mungu, wanasema, anao huo wa pili bila mipaka.

Hoja ni nzuri, lakini gharama yake isifichwe. Mungu wa kuvuta hawezi kuahidi kwamba wema utashinda mwishoni. Anaweza kuahidi kwamba hataacha kuvuta na kwamba hakuna jema litakalopotea kwake. Aliyelelewa kwa mahubiri ya ushindi wa mwisho atahisi amepewa chenji pungufu, na sidhani hisia hiyo ni ya kijinga.

13. Sasa nisali kwa nini?

Kwa sababu sala nayo ni tukio. Unaposali, unakuwa sehemu ya yale ambayo dakika inayofuata itayapokea, na hivyo Mungu ana kitu cha kutumia ambacho hakikuwepo kabla hujasali. Jibu hilo linasimama vizuri kwa anayeomba ujasiri, msamaha, au amani nyumbani. Kwa anayeomba mvua Karamoja, kwenye ukame, linachechemea. Wafuasi waaminifu wa Whitehead hukiri kwamba mawingu yana masikio madogo sana.

14. Wafu wanakwenda wapi?

Hapa wenyewe hawakubaliani. Hartshorne alisema hakuna maisha binafsi baada ya kifo. Tunachobakia nacho ni kuhifadhiwa milele, bila kupungua, katika kumbukumbu hai ya Mungu. Kwake hiyo ilitosha, na aliona kutaka zaidi ni uchoyo kidogo. Griffin aliandika kutetea maisha baada ya kifo. Whitehead mwenyewe aliuacha mlango wazi. Ulinganisho na imani zetu kuhusu waliotangulia uko swali la 18.

## Biblia, Kurani na mapokeo ya hapa

15. Biblia inasema Mungu habadiliki. Mjadala si umekwisha?

Ungekwisha kama Biblia ingesema hivyo tu. Malaki 3:6 inasema Bwana hana kigeugeu. Hesabu 23:19 inasema Mungu si mwanadamu hata ajute. Upande wa pili, Mwanzo 6:6 inasema Bwana alighairi kwa kuwa amemfanya mwanadamu, akahuzunika moyo. Kutoka 32:14 inamwonyesha akiuacha uovu aliosema atawatenda watu wake baada ya Musa kumsihi, na Yona 3:10 inasema vivyo hivyo kuhusu Ninawi.

Mapokeo ya kanisa yalilichukua kundi la kwanza kuwa maelezo halisi, na la pili kuwa lugha ya picha. Wanateolojia wa mchakato wanauliza nani aliyeamua hivyo. Ukisoma Malaki mpaka mwisho wa aya, asiye na kigeugeu ni asiyevunja agano: kwa sababu hiyo wana wa Yakobo hawakuangamizwa. Huo ni uthabiti wa tabia, ambao swali la 5 linaukubali kabisa.

16. Na uumbaji kutoka pasipo kitu?

Falsafa ya mchakato inaukana. Kwa Whitehead daima kumekuwa na ulimwengu wa aina fulani, na Mungu daima amekuwa akiuvuta kutoka vurugu kuelekea mpangilio. Ulimwengu wetu wa miaka bilioni 13.8 ni enzi moja tu. Wanaomfuata huonyesha kwamba Mwanzo 1:2 ina kilindi na maji kabla Mungu hajasema neno. Andiko linalotamka wazi zaidi kwamba Mungu hakuviumba vitu kutokana na vilivyokuwepo ni 2 Wamakabayo 7:28, na hapo utaona Mkatoliki wa Rubaga akifungua kitabu ambacho Biblia za Waprotestanti wengi hazina.

Kwa Kanisa Katoliki hili si jambo la kuchagua. Mtaguso wa nne wa Laterani wa 1215 ulifundisha uumbaji kutoka pasipo kitu, na Mtaguso wa kwanza wa Vatikano wa 1870 ukafundisha kwamba Mungu habadiliki na ni tofauti kabisa na ulimwengu. Vitabu vya Bergson viliwekwa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 1914, na onyo kuhusu Teilhard likatolewa 1962. Mkatoliki anaweza kuisoma falsafa hii na kujifunza mengi kwayo. Hawezi kuimeza yote na kudai hajavuka mstari.

17. Mwislamu afanye nini na haya?

Wengi watasema tauhidi, imani ya Mungu mmoja asiye na mfano, haivumilii hata robo yake, na Surat al-Ikhlas inatosha. Hata hivyo mtu wa kusoma yupo: Muhammad Iqbal (1877–1938), mshairi na mwanafalsafa wa Lahore, aliyemsoma Bergson na Whitehead na kuwajibu kutoka ndani ya Uislamu. Katika mihadhara yake iliyochapishwa 1930 alitumia aya ya 29 ya Surat ar-Rahman, isemayo kwamba kila siku Yeye yumo katika jambo, kudai kwamba uumbaji unaendelea na kwamba mustakabali uko wazi, haukuandikwa kama reli. Uhuru wa binadamu unampunguzia Mungu uwezo? Iqbal anajibu kwamba mpaka huo hakuwekewa na mwingine. Mungu mwenyewe aliuchagua alipoumba viumbe wenye nafsi. Hapo anaachana na Whitehead, ambaye kwake mpaka huo umo katika asili ya mambo.

Iqbal alikumbusha pia kwamba Waash'ari, wanateolojia wa Kiislamu wa zamani, walishafundisha karne nyingi kabla kwamba dunia inaumbwa upya kila kitambo. Ila kwao anayeamua kila kitambo ni Mungu peke yake.

18. Wazee wetu walikuwa tayari wanaamini haya? Ruhanga wa Banyoro, Katonda wa Baganda, Jok wa Waacholi?

Kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu mtu wa Gulu alishatuonya. Okot p'Bitek (1931–1982), mshairi wa Kiacholi, alishambulia mwanzoni mwa miaka ya 1970 tabia ya wasomi kuichukua miungu ya Waafrika na kuivisha kanzu ya Kigiriki: wa milele, mwenyezi, ajuaye yote, asiyebadilika. Alisema miungu ya aina hiyo imetengenezwa vitabuni na wanaoisoma dini, na mzee wa kijijini haifahamu.

Onyo lake linakata kuwili. Linawasaidia watu wa mchakato, maana nao husema asiyebadilika ni mgeni kutoka Athens aliyepewa kiti cha mbele kanisani. Lakini p'Bitek angewageukia papo hapo na kuwauliza kama hawamvishi Jok kanzu ya Harvard. Sijui wangejibu nini.

Alichokiandika John Mbiti ni karibu zaidi. Mkenya huyu alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na hapo ndipo alipotoa mwaka 1969 maelezo yake ya wakati wa Kiafrika: Sasa, inayobeba yanayotokea na yaliyo karibu kutokea, na Zamani, bahari ambamo kila jambo huishia. Mbele, alidai, ni fupi, miezi michache, isizidi miaka miwili. Madai hayo yamepingwa sana, Kwame Gyekye wa Ghana akiwa miongoni mwa wapinzani, na nadhani wapinzani wana haki. Lakini angalia mwelekeo: tukio linatoka Sasa kwenda Zamani na halifutiki. Aliyefariki anabaki hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho akifa, naye anazama. Hartshorne angesikiliza hadi hapo, kisha angesema: yupo mmoja anayemkumbuka kwa jina ambaye hafi.

Na hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda? Ggulu, mwenye mbingu, anawaambia Kintu na Nambi, binti yake aliyeolewa na Kintu, waondoke wasigeuke. Nafaka ya kuku imesahaulika. Anayerudi anafuatwa na Walumbe, yaani kifo. Kayikuuzi anatumwa amrudishe Walumbe, ndugu yake, lakini watoto wanapiga kelele na Walumbe anazama ardhini huko Ttanda. Mbingu inashauri, inatuma msaada, inashindwa kwa sababu ya yanayofanywa chini. Ggulu wa hadithi hii siye Katonda wa makatekista, na sisemi kwamba Buganda ilikuwa na Whitehead wake. Nasema mtoto aliyekulia na hadithi hiyo hashangazwi sana na Mungu anayeshawishi.

## Sayansi, na maswali ya pembeni

19. Sayansi imelithibitisha hili?

Hapana. Sayansi imelifanya lifikirike kwa urahisi zaidi, na mfano mzuri tunao mlangoni. Ziwa Victoria lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Tangu hapo samaki wadogo tunaowaita nkejje wameongezeka kuwa spishi zinazokadiriwa kufikia 500: wala konokono, wakwangua mwani, wala mayai ya wenzao. Kwa saa ya jiolojia, huo ni muda wa kupepesa jicho. Uumbaji uliokamilika zamani haufanani na ziwa hilo.

Kisha katika miaka ya 1950 mputa (sangara) akaingizwa, na kufikia miaka ya 1980 alishawatafuna nkejje wengi hadi spishi kadhaa zikatoweka kabla hazijapewa majina. Whitehead aliona uovu wa msingi kabisa wa dunia ni huu, kwamba yaliyopita yanafifia na kupotea hata bila mtu mwovu. Anadai kwa Mungu hayapotei. Dai hilo mwanabiolojia hana chombo cha kulipima, na mtu wa mchakato asijifanye kwamba anacho.

20. Asiyeamini Mungu anaweza kuifuata?

Anaweza. Mmarekani Donald Sherburne alijaribu kuujenga mfumo wa Whitehead bila Mungu. Wapinzani wake husema ukimwondoa, huna maelezo ya jipya linatoka wapi.

21. Kuna pingamizi ambalo watu wa mchakato wenyewe wanaliogopa?

Lipo, na linatoka kwenye fizikia. Kwa Einstein, tangu 1905, hakuna "sasa" moja ya ulimwengu mzima. Matukio mawili yaliyo ya wakati mmoja kwa mtazamaji huyu si ya wakati mmoja kwa yule. Kama Mungu anapokea ulimwengu hatua kwa hatua, anafuata "sasa" ya nani? Linamsumbua zaidi Hartshorne, aliyemwona Mungu kama mfululizo wa vitambo, kuliko Whitehead, aliyemwona kama tukio moja lisilokoma. Whitehead aliijua fizikia hiyo vizuri: mwaka 1922 aliandika nadharia yake mwenyewe ya uhusianifu (relativity), iliyopingana na ya Einstein, nayo haikusimama mbele ya vipimo. Majibu yaliyotolewa tangu hapo ni mengi, na wingi wake unaonyesha hakuna lililotosha.

22. Mimi ni mhubiri. Naweza kuhubiri haya Jumapili?

Sehemu yake, ndiyo, na huenda umeshaihubiri bila kujua, kila uliposema Mungu analia na wanaolia. Anza na Yona 3, kwa sababu waumini wanaipenda na Mungu anaghairi mle bila mtu kuhitaji kuambiwa jina la Whitehead. Mambo ya ubunifu kuwa juu ya Mungu (swali la 7) yaache darasani. Mkatoliki azungumze na paroko wake kwanza. Na akitokea mzee akauliza nani basi aliyeziumba mbingu na nchi kutoka pasipo kitu, usizunguke: mwambie falsafa hii inasema hapana, mpe sababu zilizo katika swali la 16, na mwache aikatae akitaka.